Mwenye Gari na Gari Lake: Petroli Ivujayo na Saa Yake

Mtu mwenye gari kuukuu huzoea mambo mengi. Huzoea mlango usiofungika ila kwa kupigwa, na taa iwakayo ipendapo, na milio ya vyuma ambayo dereva mgeni angeisikia angesimama mara moja. Kuzoea huko hakuna madhara makubwa. Lakini liko jambo moja ambalo halifai kuzoewa hata siku moja, nalo ni harufu ya petroli.

Katika kisiwa cha Mombasa jambo hili lataka kuangaliwa zaidi, kwa sababu tatu. Sababu ya kwanza ni hewa ya bahari. Chumvi iliyomo katika upepo hula chuma mchana na usiku, kaskazi na kusi. Bomba jembamba la petroli lipitalo chini ya gari, ambalo katika nchi kavu za bara laweza kudumu miaka mingi, hapa huota kutu mapema. Sababu ya pili ni joto. Mipira hukauka ikapasuka, na petroli yenyewe hutanuka kadiri ya sehemu moja katika mia kwa kila digrii 10 za joto zinazoongezeka. Sababu ya tatu ni ujenzi wa Mji wa Kale. Nyumba za Ndia Kuu, Kibokoni na Kuze zimesongamana ukuta kwa ukuta. Roshani na milango yake ni ya mbao. Na vichochoro vingi ni vyembamba mno hata gari la zimamoto haliwezi kupita. Tena kila jioni huwako muuza kahawa na makaa yake, na mchoma mishkaki na jiko lake, na mama akaangaye viazi karibu na kizingiti.

Yapasa kila mwenye gari afahamu kwamba kinachowaka si petroli yenyewe bali ni mvuke wake. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Kwa hiyo haupandi juu ukapotea kama moshi, bali hutambaa chini kama maji, ukafuata mtaro na kujikusanya mahali palipoinama. Hutoka hata katika baridi ya kugandisha maji, seuze katika jua la Mombasa. Basi tone lililoanguka chini ya gari laweza kushikwa na moto ulio mbali nalo, na moto huo ukarudi mbio mpaka kwenye gari. Tarehe 12 Septemba 2011, huko Sinai katika mji wa Nairobi, petroli iliyovuja kutoka katika bomba kubwa iliingia katika mtaro upitao kati ya nyumba za watu. Ilipowaka iliua watu wapatao mia moja. Petroli ile ilikuwa nyingi, wala haikutoka katika gari. Lakini tabia ya petroli ni moja, iwe pipa au iwe kijiko.

Hata asiyeogopa moto na aogope hesabu. Gari lidondoshalo tone moja kwa kila sekunde hudondosha matone 86,400 kwa siku moja. Ikiwa matone 50 hutimiza mililita moja, basi lita moja na zaidi ya nusu hupotea kila siku, na kwa siku 30 ni lita 50 na zaidi, yaani tangi zima la gari dogo. Bandu bandu huisha gogo.

Mfano wa mzee wa Kibokoni

Chukua mfano wa mzee mmoja wa Kibokoni, mwenye shamba la minazi upande wa Kisauni na pikapu kuukuu ya kuchukulia nazi. Jioni gari hulazwa katika kiwanja kidogo kando ya nyumba, chini ya dirisha la chumba walalamo wajukuu watatu. Hatua chache kutoka hapo hukaa muuza kahawa.

Asubuhi moja mzee alisikia harufu ya petroli, akaona alama ya unyevu chini ya gari. Akamwita fundi. Fundi alifungua boneti, akaona kabureta ni chafu, akasema ndiyo mkosa. Akatia vipuri vipya, akalipwa. Gari likakaa siku nne pasipo harufu, kisha likaanza tena. Fundi wa pili akasema ni pampu. Pampu mpya ikanunuliwa, na gari likapona siku tatu. Fundi wa tatu akabadili mpira wa petroli, na gari likapona tena, kisha likarudi katika ugonjwa wake. Fedha zilizotengwa kwa kununua miche ya minazi zilikuwa zimekwisha, na wajukuu walikuwa wangali wakilala juu ya harufu ile.

Mafundi hao watatu hawakuwa wezi. Kosa lao ni moja, nalo ndilo kosa la wengi: waliuliza petroli yavuja wapi kabla ya kuuliza yavuja lini. Fundi wa nne alikuwa kijana, naye alianza kwa maneno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari hili lavuja petroli. Wenzio watatu wamelitazama, na bado lavuja."

"Lavuja saa ngapi, mzee?"

Mzee akacheka. "Kwani kuvuja kuna saa? Lavuja, basi."

"Kuna saa, mzee wangu. Lavuja likisimama au likiunguruma? Asubuhi kabla ya kuwashwa, au jioni ukisha kulizima? Tangi likijaa, au hata likikaribia kwisha?"

Mzee hakuwa na jibu. Basi fundi hakushika spana siku ile. Alimwomba mtoto wa mzee, aliye karani huko bandarini Kilindini, aweke daftari kwa muda wa juma moja: tangi lina kiasi gani, gari limefanya kazi gani, na matone yameonekana saa gani na mahali gani. "Lakini juma hilo, mzee," akasema, "gari lisilale hapa chini ya dirisha. Litafutie mahali pa wazi, mbali na makaa."

Kwanza hakikisha kuwa ni petroli

Kabla ya kuweka daftari kama hilo, yafaa kuhakikisha kwamba kinachodondoka ni petroli kweli. Tandika karatasi nyeupe chini ya gari, kisha itazame. Petroli hukauka upesi na huacha alama hafifu, lakini harufu yake haifichiki. Dizeli haikauki, huacha doa la mafuta ambalo vumbi hulishika. Oili ya injini ni nyeusi na nzito. Mafuta ya breki huteleza vidoleni na huharibu rangi ya gari, nayo ni hatari ya namna nyingine: gari hilo lisiendeshwe kabisa. Maji hayana harufu, na katika magari yenye mtambo wa kupozea hewa ni jambo la kawaida kuona maji yakidondoka siku ya joto.

Jambo la pili la kukumbuka ni hili: petroli hufuata chuma. Tundu laweza kuwa mahali pa juu, na tone likateremka kando ya bomba na kuanguka mbali na mahali lilipotoka. Gari likienda, upepo hulisukuma tone nyuma zaidi. Kwa hiyo fundi mwenye akili hatafuti pale tone linapoanguka, bali hutafuta mahali pa juu kabisa penye unyevu, na pa mbele kabisa. Ikiwa pote pamechafuka, husafisha, hukausha, kisha hupaka unga wa chaki au poda ya mtoto kidogo. Unga ukilowa, njia ya petroli huonekana kama mstari, na mwanzo wa mstari ndio mwanzo wa mkosa.

Saa ya kwanza: baada ya kujaza tangi

Gari likivuja mara baada ya kujazwa petroli, kisha likaacha lenyewe, mkosa uko sehemu ya juu: mpira unaounganisha mdomo wa kujazia na tangi, au gasketi ya kile kipimo kinachopeleka habari kwenye saa ya petroli, au kimpira cha kutolea hewa. Petroli ikifika huko hutoka. Ikishuka chini ya hapo, haina njia tena.

Lakini isisahauliwe kuwa mara nyingine hakuna mkosa wowote ila choyo. Petroli ya stesheni hutoka katika tangi lililofukiwa ardhini. Mwenye gari akilijaza tangi lake la lita 50 mpaka mdomoni, kisha akaliacha gari juani hata petroli ikaongezeka joto digrii 10, petroli ile hutanuka kwa kadiri ya nusu lita. Nusu lita hiyo yataka mahali pa kwenda. Kadhalika gari lililojazwa sana, likisimama katika mteremko wa kushukia feri ya Likoni, petroli hulalia upande mmoja na kutoka penye kifuniko. Dawa yake ni kuacha kujaza pampu inapokata yenyewe, na kutazama sili ya kifuniko.

Saa ya pili: gari likiwa limelala

Gari likivuja usiku kucha, injini ikiwa baridi, basi hakuna pampu inayosukuma. Petroli yatoka kwa uzito wake tu. Hapo yapasa kulitazama tangi lenyewe, nati ya kumwagia uchafu, na bomba lote lililo chini kuliko petroli iliyo tangini.

Tangi la chuma huliwa kutoka pande mbili. Nje huliwa na matope yenye chumvi yanayoganda nyuma ya mikanda ya kulishikia. Ndani huliwa na maji. Maji hupatikana katika kila tangi kuukuu, nayo kwa kuwa ni mazito kuliko petroli hukaa chini kabisa na kula sakafu ya tangi. Gari likaalo miezi mingi bila kwenda huoza tangi upesi kuliko lile litumiwalo kila siku.

Kuna magari ambayo tangi lake liko juu kuliko kabureta, au karibu sawa nayo, kama Volkswagen ya zamani yenye injini nyuma na tangi mbele. Katika magari ya namna hiyo petroli yaweza kuteremka yenyewe usiku mpaka kwenye injini, na mpira uliopasuka karibu na injini hudondosha hata gari likiwa limezimwa. Mwenye gari hilo na auangalie sana mpira uingiao penye kabureta pamoja na kile kijibomba cha shaba kinachoupokea. Kijibomba kikilegea chaweza kuchomoka njiani, petroli ikamwagika karibu na nyaya za kuwashia injini.

Saa ya tatu: injini inapounguruma

Gari likiwa kavu limesimama, lakini likivuja mara injini inapoanza kazi, mkosa uko baada ya pampu, kwa maana hapo ndipo petroli inaposukumwa. Tazama mpira utokao kwenye pampu, chujio, na viungo vyote mpaka kwenye kabureta. Pinda mpira kwa kidole karibu na klipu; mpira mzuri hupindika bila alama, na mpira uliokufa huonyesha nyufa ndogo kama udongo uliokauka. Kuibana klipu zaidi juu ya mpira uliokufa ni kuukata. Inafaa kuubadili, na kuubadili kwa mpira uliotengenezwa kwa petroli, si mpira wa maji. Aghalabu mipira iliyofungwa miaka mingi iliyopita ilitengenezwa kwa petroli ya namna nyingine. Ile yenye risasi ilikuwa imeachwa kuuzwa katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ilipofika mwanzo wa mwaka 2006, na mchanganyiko wa petroli ya sasa si ule wa zamani.

Pampu ya zamani inayoendeshwa na injini ina kiwambo ndani yake, kinachopanda na kushuka. Chini ya pampu za namna nyingi kuna kitundu kidogo. Petroli ikionekana katika kitundu hicho, kiwambo kimechanika. Kitundu hicho kisizibwe kamwe, kwa kuwa kimewekwa ili kutoa habari. Kikizibwa, petroli hupata njia ya kuingia ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Hapo hakuna tone litakaloonekana chini, lakini kijiti cha kupimia oili kitaonyesha oili imeongezeka badala ya kupungua, nayo itanuka petroli. Mtu akiona hivyo asifurahi kuwa gari lake halili oili. Oili iliyochanganyika na petroli haina nguvu ya kulainisha, na injini itaharibika.

Ikiwa kabureta yenyewe yamwagika, yatazamwe mambo mawili: sindano inayofunga njia ya petroli, na boya dogo linaloisukuma sindano hiyo. Takataka ndogo ya kutu kutoka tangini yatosha kuizuia sindano isifunge. Boya likitoboka hunywa petroli, likazama, na njia hubaki wazi.

Magari ya siku hizi yasiyo na kabureta ni jambo jingine. Pampu yake ni ya umeme, na nguvu ya kusukuma hufika mara kumi ya ile ya pampu ya zamani. Likivuja halidondoki bali hurusha, na nguvu hubaki katika bomba hata baada ya kuzima injini. Asiyejua namna ya kuitoa nguvu hiyo asifungue kiungo chochote.

Saa ya nne: baada ya kuzima injini ya moto

Gari lililotoka katika msongamano wa Daraja la Nyali saa nane mchana, likazimwa, hutoa harufu kwa dakika chache. Feni imesimama, upepo hakuna, na moto wa injini hupanda mpaka kwenye kabureta na kuichemsha petroli iliyomo. Harufu ikiwa hafifu na ikaondoka upesi, na pasiwe na unyevu, ni tabia ya injini za zamani. Unyevu ukionekana juu ya injini au pembeni mwa kabureta, si tabia tena bali ni mkosa. Petroli juu ya bomba la moshi lililo moto haipewi muda.

Saa ya tano: pasipo tone

Kuna kuvuja kusikodondosha kitu. Kati ya tangi na pampu ya zamani petroli haisukumwi, bali hunyonywa. Kiungo kikilegea sehemu hiyo, injini ikifanya kazi hakitoi petroli nje. Huingiza hewa ndani. Dereva huona gari likikohoa na kukosa nguvu, hasa akipanda mwinuko wa kwenda Changamwe akiwa na mzigo, naye hudhani injini imechoka. Injini za dizeli huugua hivyo mara nyingi: asubuhi huwa nzito kuwaka kwa kuwa hewa imeingia usiku katika bomba. Fundi hutafuta kiungo chenye vumbi lililolowa, hata kama hakuna tone.

Daftari lilivyosema

Juma lilipokwisha, mzee na mtoto wake walikwenda kwa fundi na daftari. Mtoto alikuwa ameandika kama karani aandikavyo. Ijumaa jioni, tangi limejaa: Jumamosi asubuhi matone, upande wa nyuma. Jumamosi jioni, tangi limepungua robo: Jumapili asubuhi matone, machache kuliko jana. Jumapili jioni, saa ya petroli imepita nusu kidogo kushuka: Jumatatu asubuhi karatasi kavu. Jumanne kavu. Jumatano kavu. Alhamisi jioni tangi likajazwa tena: Ijumaa asubuhi matone, mahali pale pale.

Fundi aliposoma hakufungua boneti. Alilala chini penye tangi, akapima kwa macho nusu ya kimo chake, akaona kwamba hapo ndipo ukanda wa chuma wa kushikia tangi ulipolala. Ukanda ulipofunguliwa, nyuma yake palikuwa na matope makavu ya miaka mingi, na chini ya matope kutu, na ndani ya kutu kitundu kidogo kama ncha ya sindano.

Ndipo mzee alipoelewa kwa nini gari lilipona mara tatu. Halikuponywa na kabureta wala pampu wala mpira. Kila mara lilipokuwa likitengenezwa, petroli ilikuwa ikishuka chini ya nusu ya tangi. Na kila alipojaza tena, ugonjwa ulirudi. Mahali petroli inapoacha kuvuja ndipo kimo cha tundu kilipo. Habari hiyo ilipatikana kwa kalamu na karatasi, wala haikugharimu senti.

Kutengeneza bila kuleta msiba

Kupata mkosa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuutengeneza pasipo kuuawa nao. Maneno yafuatayo yakumbukwe na fundi na mwenye gari pia.

Kazi ya petroli isifanywe ndani ya kichochoro wala katika gereji iliyofungwa, bali mahali pa wazi penye upepo, mbali na jiko, mbali na mtaro. Waya wa betri ufunguliwe kwanza, injini ikiwa imepoa. Mtu asiangalie kwa kibiriti wala mshumaa hata kidogo. Tochi iwashwe kabla ya kukaribia, si baada ya kuinama chini ya gari. Mvuta sigara na apelekwe mbali, hata akiwa ni mwenye gari.

Petroli isinyonywe kwa mdomo kwa kutumia mpira. Wengi hufanya hivyo, na wengi wamewahi kumeza. Ikiteremka katika mapafu badala ya tumbo yaweza kumwua mtu. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, bali apelekwe hospitali upesi.

Kipande cha sabuni kikisuguliwa juu ya kitundu huzuia petroli kwa muda, kwa maana petroli haiyeyushi sabuni kama maji yafanyavyo. Madereva wengi wamefika nyumbani kwa hila hiyo. Lakini ni hila ya kufikia kwa fundi, si matengenezo; mvua ya masika ikinyesha barabarani, sabuni huondoka.

Tangi lililotobolewa na kutu lisichomelewe na mtu asiyeijua kazi hiyo. Watu hudhani kuwa tangi tupu ni salama. Sivyo. Tangi lililojaa petroli lina mvuke kidogo; tangi tupu limejaa mvuke na hewa, nao ndio mchanganyiko unaolipuka. Fundi ajuaye hulitoa tangi garini, hulisafisha kwa mvuke wa maji au hulijaza maji karibu lote, ndipo akaribishe moto. Na mara nyingi kutu ikitoboa mahali pamoja, mahali pengine pamebakiwa na unene wa karatasi. Kununua tangi zima huwa rahisi kuliko kuziba tundu baada ya tundu.

Kifaa cha kuzimia moto cha unga kiwe karibu, au ndoo ya mchanga. Maji yasimwagwe juu ya petroli iwakayo, kwa maana petroli huelea juu ya maji na moto husafiri pamoja nayo.

Mzee wa Kibokoni alinunua tangi jingine. Fundi alilipaka rangi ya kuzuia kutu, akaweka vipande vya mpira kati ya tangi na mikanda, akamwonya awe akipaosha mahali hapo kwa maji baridi kila mwezi ili chumvi isikae. Mtoto wake hakulitupa daftari. Huandika mpaka leo lita zinazoingia na kilomita zinazokwenda, na siku hesabu itakapopotoka atajua kabla pua haijajua.

Kila mwenye gari kuukuu aweza kufanya vivyo hivyo kuanzia kesho asubuhi: karatasi nyeupe chini ya gari kabla ya kuliwasha, na mstari mmoja katika daftari. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na katika Mji wa Kale, ukuta wa nyumba ya mtu mmoja ndio ukuta wa jirani yake.